Filamu za plastiki zikivutwa na kupigwa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nakutana nayo sana, mengine kwa wanafunzi wa maabara, mengine kwa watu wa viwandani ambao wameamka wakakuta roli zima limejikunja wakaanza kutafuta mchawi. Mara nyingi mchawi hayupo. Filamu ilivutwa hivi, ikapoa vile, na sasa inadai chake. Nimeyajibu kadiri ninavyoyaelewa, mengine marefu mengine mafupi, ruka unayoyajua.

Filamu? Si sinema hiyo?

Hapana, hapa filamu ni plastiki nyembamba, chini ya robo milimita hivi, ile ya mfuko, ya selotepu, ya kulaminetia kitambulisho. Wengi tunaziita nailoni zote na sigombani na mtu kwa hilo, ila nailoni halisi ni ukoo mmoja tu kati ya nyingi, na ule mfuko unaouita wa nailoni karibu kila mara ni polithini. Inabidi ujue kwa sababu kila ukoo una digrii zake (zote hapa ni za Selsiasi), ukizichanganya kila kitu kinachofuata hapa kitakukataa.

Ndani yake kuna nini hasa cha kuvutwa?

Minyororo. Chukua polithini yenye uzito wa molekuli 100,000, huo ni mstari wa kaboni kama 7,000 zimeshikana moja baada ya nyingine, na ungeweza kuunyoosha mnyororo mmoja mpaka mwisho ungefika karibu nanomita 900 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Wazo lenyewe la molekuli ndefu kiasi hicho lilipigwa vita sana Hermann Staudinger alipolitoa mwaka 1920, wakubwa wa kemia walimwambia hakuna kitu kama hicho, na Nobeli yake akaja kuipata mwaka 1953.

Sasa hiyo minyororo haikai imenyooka. Sehemu yake imejipanga kuwa fuwele, vibapa vidogo vyenye unene wa nanomita 10 mpaka 20 tu, na sehemu nyingine ni vurugu tupu kama nywele zilizosokotana. Utauliza mnyororo wa nanomita 900 unaingiaje kwenye kibapa cha 10, na hilo ndo swali lililowasumbua watu mpaka mwaka 1957 Andrew Keller pale Bristol, Uingereza, alipoonyesha kwamba unajikunja, unaenda unarudi unaenda unarudi, kama mpira wa maji uliokunjwa ukawekwa pembeni. Halafu kuna minyororo michache inayotoka kibapa hiki, inapita kwenye vurugu, inaingia kibapa kile. Hiyo michache ikumbuke, maana bila hiyo filamu yote ingekatika kama biskuti.

Nikivuta kipande cha mfuko kwa mikono naona kinafanya kama shingo. Ni nini kile?

Hili ndo nalipenda kuliko yote kwa sababu unaona kwa macho kitu ambacho kwenye vitabu kimechorwa kwa grafu za kuchosha. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfuko laini, shika ncha mbili, vuta taratibu. Mwanzoni unagoma kidogo, unanyooka kama mpira na ukiachia unarudi. Endelea. Ghafla sehemu moja inajisalimisha, inakuwa nyembamba, pembeni yake pana mabega mawili kama ya chupa, na ukizidi kuvuta shingo haizidi kuwa nyembamba bali inarefuka, mabega yanatembea yanakula ile plastiki ambayo bado nzima. Vuta kwa haraka kisha gusisha shingo mdomoni, utasikia uvuguvugu, maana nguvu ya mikono yako imegeuka joto.

Ndani yake vile vibapa vilivyokaa vimeelekea kila upande vinaanza kuinama, vinateleza, vinavunjika vipande vidogo, minyororo inachomolewa kutoka kwenye mikunjo yake, halafu vipande vyote vinajipanga upya kuwa nyuzi nyembamba sana zinazoelekea kule unakovuta. Shingo haikatiki kwa sababu sehemu iliyokwisha kuvutwa ni ngumu kuliko ile ambayo bado, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwa plastiki kuilegeza sehemu mpya kuliko kuikata ya zamani. Ukiisha huo uzembe wote, yaani mabega yakifika vidoleni, unasikia inakaza tena, na hapo minyororo ya kuunganisha ndo imebeba mzigo wote. Kidogo tu, inakatika.

Jambo hili la kuvuta baridi lina hadithi yake. Mwaka 1930 Julian Hill, kijana wa timu ya Wallace Carothers pale DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, alichovya fimbo kwenye poliesta iliyoyeyuka akatoa uzi, wakaja kugundua kwamba ukiuvuta uzi huo ukiwa umeshapoa unakuwa imara kwa namna ambayo haikutarajiwa, na inasimuliwa walikimbia nao koridoni kuona utafika wapi. Nailoni ya kweli ilifuata baada ya hapo.

Joto linaingilia wapi?

Kila polima, yaani plastiki ya minyororo hii, kwa kawaida ina vizingiti viwili. Cha kwanza ni joto la kulegea, ambalo wenye fani wanaliandika Tg, chini yake sehemu za vurugu zimeganda kama kioo na juu yake zinaanza kuchezacheza. Cha pili ni joto la kuyeyuka, ambapo fuwele zenyewe zinaachia. PET, ile ya chupa za maji, inalegea kwenye digrii 70 mpaka 80 na kuyeyuka karibu 250 na kitu. Polipropilini, ile ya selotepu na pakiti za vitafunio, inayeyuka kwenye 160 na kidogo, kulegea kwake kuko jirani na sifuri. Polithini inalegea digrii zaidi ya 100 chini ya sifuri, ndo maana hata kwenye friza mfuko bado laini, ila ile laini ya mifuko inayeyuka mapema, 105 mpaka 115 hivi. Polistirini ya kawaida yenyewe haina fuwele kabisa, ina kizingiti kimoja tu, karibu 100.

Watu wanachosahau ni kwamba kati ya hivyo viwili pana uwanja mpana, na kazi karibu yote ya kuvuta filamu inafanyika humo.

Kwa hiyo joto zuri la kuvutia ni lipi?

Inategemea na kasi yako, na hapa ndipo watu wanaponiona namzungusha mtu lakini sizungushi. Mnyororo uliovutwa unataka kurudi kwenye vurugu yake, hiyo ndo hali inayoupendeza, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyorudi upesi. Kwa hiyo ukivuta kwenye joto kubwa na kwa taratibu, minyororo inateleza inapitana na kulegea wakati huohuo unapoivuta, filamu inarefuka vizuri tu, inakuwa nyembamba, na ndani hakuna kilichopangika, umevuta ugali mtupu. Ukivuta kwenye baridi na kwa kasi, minyororo haina nafasi ya kujisogeza, inachanika au inajaa vitobo. Unachotafuta ni katikati, joto la kutosha mnyororo utembee na kasi ya kutosha usipate muda wa kurudi. Kwa PET hapo ni karibu digrii 80 mpaka 110, yaani juu kidogo tu ya kulegea. Polipropilini inakwenda kinyume, inavutwa karibu kabisa na kuyeyuka, maana fuwele zake zipo tayari na inabidi zilainike kwanza ndo zikubali kuvunjwa na kupangwa upya.

Aliyeniambia "ongeza joto tu kama haivutiki" nilimsikiliza mara moja. Filamu ilivutika kweli. Ilipofika kwenye mashine ya kupimia nguvu ilikuwa kama hatujaivuta kabisa, wiki nzima ya kazi chini.

Mbona PET ikivutwa inabaki angavu, ila nikiipasha tu bila kuvuta inakuwa nyeupe kama maziwa? Si zote zimeota fuwele?

Zote zimeota, ndio. Tofauti ni ukubwa na mpangilio. Karatasi ya PET iliyopozwa haraka haina fuwele karibu kabisa, iko angavu kama kioo. Ukiipasha peke yake ikapita digrii 120 hivi, fuwele zinaanza kuota kutoka kwenye vituo vilivyotawanyika na kutanuka pande zote kama vitufe, vinakua mpaka vinakaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unagonga unatawanyika, wewe unaona weupe. Ukiivuta kwanza, minyororo imeshalala sambamba, fuwele zinachomoza nyingi sana kwa mpigo na kila moja ni ndogo mno, mwanga unapita bila habari. Uzito wa ujazo unapanda kwa zote mbili, kutoka kama gramu 1.335 kwa sentimita ya ujazo ukielekea 1.455 ambayo ni ya fuwele tupu, mizani haiwezi kukwambia ipi ilivutwa. Jicho linaweza.

Ndo maana pia chupa zinazojazwa kinywaji cha moto mara nyingi utaona mdomo wake ni mweupe huku tumbo liko angavu. Mdomo haukuvutwa, umepashwa makusudi mpaka ukaota vile vitufe ili usilegee. Tumbo limevutwa. Plastiki ni ileile moja.

Nikimimina maji yanayochemka kwenye chupa ya kawaida au nikipuliza hewa ya moto kwenye ile filamu ya kufungia bidhaa, inasinyaa. Si vitu vikipata joto vinatanuka?

Vyuma ndio. Minyororo iliyonyooshwa hapana. Kuna namna moja tu ya mnyororo kunyooka kabisa, ila namna za kujikunja ni nyingi kupita hesabu, na joto maana yake ni kutikiswa, kwa hiyo ukiutikisa mnyororo uliokuwa umenyooshwa unaangukia kwenye zile namna nyingi. Unafupika. Haihitaji nguvu ya kuurudisha, ni bahati nasibu tu yenye majibu karibu yote upande mmoja.

Hili linaonekana vizuri kwenye mpira. John Gough, ambaye alikuwa kipofu, mwaka 1805 alieleza kwamba ukinyoosha ukanda wa mpira ukaugusa na midomo unausikia umepata joto, na ukining'iniza kitu kwenye mpira ukaupasha, unakivuta juu. James Joule akaja kulipima kwa makini mwaka 1859. Filamu ya kusinyaa ni mpira huohuo ila umenyooshwa halafu ukapozwa haraka ukiwa bado umenyooshwa, umefungiwa, na ukivuka joto la kulegea unafungua mlango. Chupa nayo hivyohivyo, ilipulizwa na kuvutwa ikapozwa, maji ya moto yakiipita ile 75 tumbo linakunjamana lakini mdomo wenye uzi wa kufungia, ambao haukuvutwa na ni mnene, hausinyai kama tumbo. Angalia utaona.

Basi mbona filamu nyingine zimevutwa sana lakini hazisinyai hata kwenye oveni?

Kwa sababu ziliokwa zikiwa zimebanwa. Kwa PET, baada ya kuvutwa filamu inapitishwa kwenye joto la digrii 200 na kitu, wengine wanafika 230, huku kingo zake zimeshikwa na klipu ili isirudi. Minyororo ya vurugu iliyokuwa imekaza inapata nafasi ya kulegea palepale ilipo, fuwele ndogo mbovu zinayeyuka na nzuri zaidi zinaota, vibapa vinanenepa. Fuwele zikishanenepa zinafanya kazi ya pini, hata ukija kupasha 150 minyororo inataka kurudi lakini imepigiliwa. Mara nyingi klipu zinaachiwa zisogee ndani kidogo, asilimia chache tu, ili mvutano uliobaki utoke.

Ukiokesha bila kubana ni habari nyingine kabisa. Niliwahi kuweka sampuli zangu kwenye oveni nimezilaza tu juu ya foili, nikaenda, narudi nakuta vitu vimejiviringisha kama majani makavu na urefu umebaki chini ya nusu. Nilikuwa nimepoteza kila kitu nilichokipata kwa kuvuta. Tangu hapo kabla sijapasha chochote najiuliza kwanza kimeshikwa wapi.

Kuvuta upande mmoja au pande mbili, kuna tofauti gani?

Ukivuta upande mmoja unapata nguvu nyingi sana upande ule na udhaifu upande wa pili, maana kulala sambamba kwa minyororo kunaacha mishono kati yake. Kamba za plastiki za kufungia mizigo ndo hizo, jaribu kuzikata kwa kuvuta utaumia mikono, ila kwa urefu unazichana kwa kucha. Kuna kipimo kinaitwa fankisheni ya Hermans, ikiwa 1 minyororo yote imelala upande wa kuvuta, ikiwa 0 hakuna mpangilio, na inaweza kushuka mpaka -0.5 ikiwa yote imelala kukingama.

Pande mbili ndo biashara kubwa. Polipropilini ya selotepu na pakiti za vitafunio inavutwa kama mara 5 kwa urefu kwenye rola zinazozidiana kasi, halafu mara 8 mpaka 10 kwa upana kwenye reli zenye klipu zinazoachana polepole ndani ya oveni ndefu. Piga hesabu, mara 5 kwa mara 9 ni 45, karatasi iliyoingia na unene wa maikromita 900 inatoka na 20. Noti za plastiki ambazo Australia ilizianza mwaka 1988 ziko juu ya filamu ya namna hii. PET yenyewe inavutwa mara 3 mpaka 4 kila upande na inapata ugumu kama mara 2 ya ile isiyovutwa na nguvu ya kukatika mara 3 au zaidi.

Kitu kimoja kuhusu hizi filamu, bila mkato pembeni hazichaniki, ukitia mkato mdogo tu zinakwenda. Ndo maana kishikio cha selotepu kina meno, na ndo maana pakiti isiyokatwa kidogo pembeni inakutoa jasho.

Weupe unaotokea nikikunja au kuvuta plastiki ngumu?

Vitobo. Plastiki imeshindwa kutiririka kwa kasi uliyoitaka, imefunguka ndani vitobo vidogo ambavyo vinatawanya mwanga. Kwenye polipropilini ukipasha kidogo mara nyingine weupe unapungua. Ni dalili kwamba ulikuwa unavuta baridi mno au haraka mno, usiupuuze.

Kuna faida yoyote zaidi ya nguvu?

Nyingi, na nyingine zinashangaza. Skrini ya simu yako kama ni ya LCD ina karatasi mbili za kuchuja mwanga ambazo kwa asili ni filamu ya PVA, plastiki inayoyeyuka kwenye maji, iliyovutwa mpaka kama mara 5 na kutiwa aidini. Aidini inajipanga kufuata minyororo, na mwanga unaotikisika upande huo unamezwa. Njia hiyo ni ya Edwin Land, mwaka 1938. Bila kuvuta ingekuwa plastiki yenye rangi tu.

PVDF, plastiki yenye florini, ni mfano mwingine. Ikipoa kawaida minyororo yake inakaa kwa umbo ambalo umeme wake unafutana wenyewe kwa wenyewe, ukiivuta kwenye digrii kama 80 mara 4 au 5 minyororo inanyooka, umbo la fuwele linabadilika, na ukishaipitisha kwenye uga mkali wa umeme unapata filamu inayotoa umeme ukiibonyeza, jambo ambalo Kawai wa Japani alilitangaza mwaka 1969. Ivute kwenye joto zaidi ya 120 na mabadiliko hayo yanapungua, umbo la zamani linabaki kwa wingi.

Mwaka huohuo Bob Gore alikuwa anapasha fimbo za PTFE, ile ya kikaango kisichoshika chakula, na kuzivuta kwa uangalifu, zikawa zinakatika tu. Inasimuliwa alikasirika akaichomoa moja akaivuta kwa ghadhabu kwa mpigo mmoja, ikarefuka mara nyingi bila kukatika na karibu bila kupungua unene, ndani imejaa vitobo vidogo na nyuzinyuzi. Makoti yasiyopitisha maji yametokea hapo.

Na kwenye betri za lithiamu ile karatasi ya katikati nyingi ni filamu ya polipropilini au polithini iliyovutwa makusudi ili vibapa viachane na kuacha matundu ya ayoni kupita. Polithini ikifika karibu digrii 130 inayeyuka na kuziba matundu yenyewe, mkondo unazimika. Kwangu hii ndo matumizi ya akili kuliko zote, muundo umetengenezwa kwa kuvuta na umewekewa tarehe ya kufa kwa joto.

Mnajuaje yote haya wakati minyororo haionekani?

Eksirei ndo ya kwanza, unaipitisha kwenye filamu na kutazama alama inayoacha. Filamu isiyovutwa inatoa miduara kamili, ukivuta miduara inakatika inakuwa matao mafupi, na kadiri tao linavyokuwa fupi ndivyo mpangilio ulivyo mzuri. Kuna mashine ya kupima joto linaloingia na kutoka sampuli inapopashwa polepole, inakuonyesha inalegea wapi, inaota fuwele wapi, inayeyuka wapi. Ukichora mchoro wa vipimo hivyo kwa PET isiyovutwa utaona kilele cha kuota fuwele kabla ya kuyeyuka, kwa iliyovutwa vizuri kilele hicho kinahamia kwenye joto la chini zaidi au kinapotea, kwa sababu kazi imeshafanyika. Mpya kazini wengi wanapima mara moja tu wakati wa kupasha, halafu wanapasha tena mara ya pili na kuripoti hiyo ya pili kwa sababu ni safi zaidi. Usafi huo ni wa filamu iliyokwisha kuyeyuka na kusahau kila kitu. Kama unataka habari za kuvutwa kwake ni ile ya kwanza.

Unyevu na muda je?

Unyevu unahesabika kama joto kwa zile zinazopenda maji. Nailoni kavu inalegea karibu digrii 50, ikishiba maji inashuka chini ya joto la chumbani, kwa hiyo filamu iliyokaza asubuhi inaweza kulegea bila mtu kuigusa. Polithini haijali. Muda nao, plastiki iliyo chini ya kulegea kwake haijatulia kabisa, inaendelea kubana polepole na kuwa rahisi zaidi kuvunjika kwa miezi, ukipima leo na baada ya mwaka usitegemee namba ileile.

Naweza kuona mwenyewe bila maabara?

Unaweza. Washa skrini ya LCD ionyeshe ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya kuchuja mwanga, zungusha kichwa mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa chukua kipande cha plastiki ngumu angavu, bandika selotepu angavu juu yake tabaka moja, jirani yake mbili, jirani matatu, kila moja ikielekea upande mmoja, ishike kati ya skrini na macho kwa kuiinamisha mshazari. Utaona rangi, kila idadi ya tabaka na yake, samawati, njano, waridi. Ile rangi ni minyororo iliyolala upande wa kuvutwa inayochelewesha mwanga wa upande mmoja kuliko mwingine. Kisha shika ukanda wa mfuko palepale, vuta mpaka shingo itokee, na uangalie shingo ikipata rangi wakati mabega bado giza.